Je, dijitali itaturudishia AM ya usiku? Mimi naona jibu liko baharini, haliko angani

Karani wa Zamu ameandika:

Assalaam aleikum, na salamu kwa ndugu wote wasiokuwa wa salamu hiyo. Swali hili nimekaa nalo tangu mwezi uliopita, mjukuu wangu aliponiletea habari kwamba uko mfumo wa kidijitali unaorushwa kwenye mawimbi ya kati, yale yale tuliyozoea kuyaita AM, na kwamba mfumo huo huondoa mikwaruzo yote hata sauti ikawa kama ya FM. Akaniuliza kama sasa nitaanza tena kukesha na redio. Nilimwomba anipe muda, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, zamu ya usiku, na katika kibanda chetu palikuwa na redio ya mawe manne. Mchana redio ile ilikuwa ya Sauti ya Kenya na ya Unguja, ambayo ilivuka maji ikatufikia safi kana kwamba mtambo wake uko Likoni. Ilipoingia magharibi mambo yaligeuka. Kadiri giza lilivyozidi ndivyo bendi ilivyojaa: Kiarabu, Kihindi, Kisomali, Kifaransa cha visiwani, na katikati ya hayo sauti zisizojulikana zilizokuja kwa dakika tano zikatokomea. Tulizungusha kile kidude cha kutafutia stesheni polepole mno, kwa kidole kimoja, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Ndiyo AM ya usiku ninayoizungumzia, na nadhani wengi wenu mliozaliwa kabla ya FM kuenea mnaikumbuka.

Sababu yake inajulikana. Mchana jua hutengeneza juu yetu, kiasi cha kilomita 60 hadi 90, tabaka la hewa yenye chaji ambalo wataalamu huliita tabaka la D, na tabaka hilo huyameza mawimbi ya kati yanayopanda. Jua likizama tabaka hilo hutoweka upesi, na mawimbi yakapata njia ya kufika kwenye matabaka ya juu zaidi, ambayo hayayamezi bali huyarudisha chini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Edward Appleton alilithibitisha jambo la kurudishwa huko mwaka 1924, akitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel. Sisi tulio karibu na ikweta tunaliona kwa ghafla zaidi, kwa sababu kwetu jua halichelewi kuzama: adhana ya magharibi ikimalizika, Djibouti, iliyo mbali kiasi cha kilomita 1,800, imeshaanza kunong'ona.

Lakini neema hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Mlango ukifunguliwa kwa mgeni mmoja umefunguliwa kwa wote, na vituo vilivyokuwa vikitumia nafasi moja kwa amani mchana, kila kimoja katika nchi yake, usiku hukanyagana. Marekani walilitatua kwa sheria: vituo vichache vikubwa vyenye nguvu ya kilowati 50 vililindwa, na vidogo vingi vikatakiwa kushusha nguvu au kuzima kabisa jua linapozama. Kwa hiyo mtu anaposema anataka kuirudisha AM ya usiku, ni lazima kwanza tumuulize ni ipi anayoitaka, ile ya kukaribisha wageni au ile ya kumsikia jirani bila usumbufu, kwa kuwa dijitali haiwezi kumpa zote mbili.

Hapa ndipo jaribio la Wamarekani linapotufundisha. Mwaka 2002 waliruhusu mfumo mseto, ambao ndani yake kituo huendelea kurusha analojia yake katikati huku kikibandika dijitali pembeni, kushoto na kulia, hadi kilohezi 15 kutoka katikati. Nafasi za vituo kwao hupishana kwa kHz 10, kwetu kwa kHz 9. Hesabu ni nyepesi: hizo pembeni ni uwanja wa jirani. Mchana haikuleta shida kubwa. Septemba 2007 ruhusa ikapanuliwa hadi usiku, na ndipo kituo kidogo cha WYSL huko Avon, jimbo la New York, kinachotumia 1040 kHz, kilipolalamika kwamba dijitali ya WBZ ya Boston, iliyo kwenye 1030 kHz, inakifunika kwa mvumo kama wa maporomoko ya maji. Vituo vingi baadaye viliuzima mfumo huo usiku kwa hiari yao. Maoni yangu ni kwamba mseto ule ulikuwa kosa tangu mwanzo, maana ulitaka kumvalisha mzee koti jipya bila kumvua la zamani.

Njia ya pili ni dijitali tupu. Oktoba 2020 Marekani iliruhusu vituo vya AM kuhamia huko moja kwa moja, baada ya WWFD ya Frederick, Maryland, kwenye 820 kHz, kujaribu tangu Julai 2018. Kwingineko mfumo unaotumika ni DRM (Digital Radio Mondiale), ambao umoja wake uliundwa Guangzhou mwaka 1998 na matangazo yake rasmi yakaanza mwaka 2003. India ndiyo iliyoenda mbali zaidi, kwa mitambo 35 ya mawimbi ya kati na magari mamilioni kadhaa yenye vipokezi. Sauti yake ni safi, hilo halina ubishi. Usiku, hata hivyo, BBC walipoijaribu Plymouth mwaka 2007 kwenye 855 kHz, waliona kwamba eneo lililosikika vizuri mchana lilipungua giza lilipoingia, kwa sababu wageni wa angani waliingia katika nafasi ile ile.

Na dijitali haina subira na wageni. Analojia ikizidiwa hukoroma, hufifia, hurudi, na sikio la binadamu hujaza mapengo. Dijitali ama inasikika kikamilifu ama haisikiki kabisa. Wakati mwingine kipokezi cha DRM hukuonyesha jina la kituo kwenye kioo chake huku sauti haitoki, kwa kuwa jina limebebwa kwa njia imara kuliko sauti. Ni kama kupewa bahasha yenye anwani ya mtumaji na barua haimo. Tena kila unapohama kituo inabidi kukisubiri kipokezi kwa sekunde kadhaa kijipange, kwa hiyo ile raha ya kupitisha kidole kwenye bendi nzima haipo tena.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjukuu ni kwamba AM ya angani haitarudishwa na dijitali. Lakini sisi wa Pwani tuna njia nyingine ambayo nchi kavu hawanayo, nayo ni maji ya chumvi. Wimbi la kati linalotambaa chini hudhoofika upesi juu ya udongo mkavu, ila juu ya bahari husafiri mbali sana, kwa sababu maji ya bahari hupitisha umeme mara mamia kuliko ardhi ya kawaida, na mara maelfu kuliko ardhi kame. Ndiyo maana Unguja, kilomita 235 kutoka hapa, ilitufikia mchana kweupe. Wimbi hilo halijali usiku wala mchana. Kama dijitali ina kazi ya kufanya kwenye AM saa za usiku, basi kazi hiyo iko hapo, na ningependa kusikia mnasemaje.


Fundi Redio Majengo ameandika:

Mzee wangu, shikamoo. Umesema mengi ambayo sina la kuongeza, ila nina moja ambalo hukuligusa, nalo ndilo ninalokutana nalo kila siku mezani pangu.

Watu huniletea redio wakisema upande wa AM umekufa. Naifungua, naipima, nakuta ni nzima. Kilichokufa ni nyumba. Leo hii katika chumba kimoja cha Majengo utakuta taa za LED za bei ya chini, chaja tatu za simu, king'amuzi cha televisheni, pengine inveta na kidhibiti cha sola juu ya paa, na kila kimoja kati ya hivyo hukata umeme mara maelfu kwa sekunde na kumwaga uchafu kwenye mawimbi ya kati. Asiyeamini na asubiri usiku ambao umeme umekatika mtaa mzima, kisha awashe redio ya mawe. Ataona bendi imefufuka. Mimi mwenyewe usiku wa namna hiyo nilikaa barazani hadi saa saba, na wala sikuudhika na giza.

Uchafu huo dijitali hauipi nafuu kama watu wanavyodhani. Kila mfumo una kiwango cha usafi unaokihitaji, na kelele za chumba zikikipita kiwango hicho hupati mkoromo, unapata kimya. Mteja atakuja kwangu na redio mpya ya bei kubwa akasema imekufa kabisa, wakati ile ya zamani angalau ilikuwa ikinung'unika. Wenye redio za zamani nawapa dawa ya bure: igeuze redio yenyewe, si kitufe. Ndani yake mna kijiti cheusi cha feraiti ambacho ndicho antena, na kikielekezwa upande fulani huacha kusikia kelele ya taa huku kikiendelea kumsikia mtangazaji.

Kuhusu vipokezi vya DRM, sijawahi kuuza hata kimoja, na sijamwona mtu akikiulizia. Chipu yake ina kazi nyingi ya kukokotoa, kwa hiyo hula umeme zaidi. Redio ya analojia ya mawe manne humaliza wiki kadhaa. Hilo ni jambo dogo mjini, ila si dogo huko baharini ambako mzee wangu anataka kutupeleka.


Mjukuu wa Tudor ameandika:

Kwa heshima zote, wazee wangu, naomba niwe mbishi kidogo. Mwaka 2015 tuliizima televisheni ya analojia na tukanunua ving'amuzi kwa sababu hatukuwa na hiari: picha ilitoweka. Redio haina shinikizo hilo. FM ipo, imejaa, haina malipo, na iko ndani ya simu nyingi. Anayetaka kituo cha mbali hukifungua kwenye intaneti, akasikia Muscat au Mumbai bila tabaka la D wala jingine lolote la angani. Kwa nini mtu anunue kipokezi kipya ili asikie kituo ambacho bado hakijajengwa?

Na kuhusu hiyo bahari, nimepiga hesabu ndogo. FM husafiri kadiri inavyoweza kuona. Antena iliyo mita 200 juu ya usawa wa bahari itamfikia mtu aliyeketi kwenye mashua umbali wa kilomita 64 hivi. Wavuvi wetu wengi hawaendi hata nusu ya hapo, kwa kuwa wanavua ndani ya miamba au nje yake kidogo. Kwa hiyo hao wasikilizaji wa baharini tayari wana FM. Sioni nani aliyebaki.


Dereva wa Usiku ameandika:

Nani aliyebaki? Tuko sisi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 au zaidi kidogo, na ukishapita Mariakani FM ya Mombasa inaanza kukuaga. Kuanzia Mackinnon Road hadi Mtito Andei mtu hubadilisha stesheni kama anayekimbizwa. Nimeambiwa kwamba DRM ina uwezo wa kukihamisha kipokezi chenyewe kwenda kwenye masafa mengine ya kituo kile kile bila dereva kugusa kitu. Kama ni kweli, hilo peke yake ningelilipia. Lakini mzee Karani asinisahau, kwa sababu mimi niko nchi kavu, na udongo wa Taru haupitishi umeme kama bahari yake.


Karani wa Zamu ameandika:

Marahaba, Fundi, na ahsanteni nyote. Nianze na dereva kwa kuwa ana haki ya kulalamika. Ni kweli kwamba nyika ya Taru ni adui wa wimbi la chini, na mtambo ulioko Mombasa hautamfikisha Mtito Andei kwa wepesi, uwe wa analojia au wa dijitali. Hilo la kuhama masafa lipo, lakini linataka mtambo wa pili wa kuhamia, na kila mtambo una mlinzi wake, umeme wake na mnara wake. Sitakupa ahadi ambayo nyika haiwezi kuitimiza.

Sasa nimgeukie mjukuu wa Tudor. Hesabu yako ya FM ni sahihi, mwanangu, na nimeirudia kwenye karatasi. Lakini umepima kwenda mashariki tu, kana kwamba mvuvi ni wa Mombasa na bahari ni mstari unaotoka Ras Serani kuelekea Ushelisheli. Pima kwenda kaskazini. Kutoka Mombasa hadi Lamu, ukipiga mstari ulionyooka, ni kiasi cha kilomita 240, na mstari huo ukiuchora kwenye ramani utaona unapita nje kidogo ya Kilifi, nje kidogo ya Malindi na Ngomeni, nje ya Kipini, karibu wote ukiwa juu ya maji. Lamu na Unguja ziko umbali unaokaribiana sana kutoka kwetu, moja kaskazini na moja kusini, na sisi tulio na umri tunajua kwamba Unguja ilitufikia. Mtambo mmoja wa mawimbi ya kati ulio ufukweni ungeweza kuushika mwambao kutoka Vanga hadi Lamu, pamoja na visiwa na mashua zake, kazi ambayo kwa FM inahitaji msururu wa minara. Wakubwa wetu waliwahi kuwa na Sauti ya Mvita hapa hapa mjini, miaka ya 1950, kwa hiyo fikra ya kituo cha mwambao si jambo geni.

Nije kwenye usiku. Mtu anaweza kuniuliza kama wimbi la mtambo huo huo halitapanda angani giza likiingia, likarudi na kugongana na lile lililotambaa juu ya maji. Litagongana, na katika analojia ndiko kulikotoka ule ufifiaji mbaya unaoipindisha sauti ya msomaji wa habari hata akasikika kama amezama. Hapa ndipo ninapoisifu dijitali kwa dhati. Chukua msikilizaji aliye kilomita 150 kutoka kwenye mnara, na tabaka linalorudisha wimbi liko kilomita 100 juu. Wimbi la angani litakuwa limetembea kilomita 250, yaani 100 zaidi ya lile la chini, na kwa mwendo wa mwanga kuchelewa huko ni kama theluthi moja ya milisekunde. DRM huacha nafasi ya kungojea kati ya alama moja na nyingine, milisekunde 2.66 katika mpango wake wa kwanza na 5.33 katika ule uliotengenezwa kwa ajili ya angani. Kwa hiyo mwangwi wake mwenyewe haumsumbui, na anayemsumbua ni mgeni anayezungumza neno jingine kwenye nafasi ile ile.

Na wageni wanapungua. Ujerumani na Ufaransa zilizima mawimbi ya kati ya redio zao za umma mwishoni mwa mwaka 2015, na nchi nyingine za Ulaya zimewafuata. Wapenzi wa AM waliomboleza, nami niliomboleza pamoja nao. Lakini kila mmoja anapozima huacha kipande cha bendi kikiwa kitupu usiku, na dijitali inachohitaji zaidi ni utupu huo. Nadhani ni kichekesho kidogo kwamba mfumo mpya unaweza kunufaika kwa sababu ule wa zamani umekufa kwa wengine.

Gharama nayo isisahaulike. Katika AM ya kawaida, mtambo ukirusha sauti kwa kiwango chake cha juu, theluthi mbili za nguvu huenda kwenye wimbi la kubebea, ambalo halina neno hata moja ndani yake. Dijitali haina mzigo huo. Kwa wanaolipa umeme wa mtambo usiku kucha, hoja hii ina uzito kuliko usafi wa sauti.

Juu ya intaneti, mwanangu, sina ugomvi nayo, hata mimi naitumia. Ila kila msikilizaji wa intaneti hulipia kifurushi chake na huhitaji mnara wa simu unaomwona, wakati mtambo wa redio haujui kama unasikilizwa na watu kumi au laki moja, na gharama yake ni ile ile.


Binti Shimoni ameandika:

Nimesoma uzi huu wote na nimefurahi kwamba wavuvi wametajwa, lakini naona wanazungumziwa kama idadi kwenye ramani. Naomba niwaeleze walivyo, kwa kuwa nimezaliwa kwao.

Babu yangu hakutoka pwani bila redio. Aliifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaining'iniza karibu na usukani, na usiku wa kuvulia taa aliiacha ikisema pole pole hadi alfajiri. Baba yangu naye aliibeba, ila si kila siku. Ndugu zangu wanabeba simu. Ndani ya simu wana nyimbo walizozihifadhi, na redio hawaitaji kabisa. Nilipowauliza kwa nini, hakuna aliyesema mikwaruzo. Walisema kwamba usiku redioni hakuna mtu. Stesheni nyingi zikishapita saa tano huweka nyimbo zinazojiendesha zenyewe, na hakuna anayekwambia upepo umegeuka, au nani ametuma salamu Kizingitini, au nani amefiwa Gazi. Zamani matangazo ya vifo na salamu yaliwafanya watu wasubiri. Mtu husubiri akijua kuna anayemsubiri yeye.

Mapema Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia mwambao wa Tanzania, sisi tulikuwa na tahadhari kwenye simu na kwenye redio mchana. Usiku ndugu yangu mmoja alikuwa nje, simu yake ikakosa mtandao, na sisi wanawake tukakaa ufukweni na tochi. Alirudi salama. Lakini nilisoma baadaye kwamba DRM ina utaratibu wa dharura unaoweza kukihamisha kipokezi kwenye kituo cha tahadhari, hata kukiamsha kama kimepumzika na kimetengenezwa kwa ajili hiyo. Hilo ndilo lililonifanya niandike hapa. Mnaposifu usafi wa sauti mimi sishawishiki. Mkiniambia kuna redio itakayojiamsha saa nane za usiku ndani ya mashua na kumwambia ndugu yangu arudi, hapo nitaanza kuuliza bei.


Mjukuu wa Tudor ameandika:

Dada, umenishika hapo. Nakubali pia kwamba sikuipima Lamu. Bado naona kwamba mlolongo umepinduka: hakuna atakayetengeneza redio hiyo kwa bei ya mvuvi kabla ya kuwapo kituo, na hakuna atakayejenga kituo kabla ya kuwapo redio. India ilitoka kwenye mkwamo huo kwa sababu redio ya umma ilijenga mitambo kwanza, kisha watengenezaji wa magari wakaweka vipokezi, na hata hivyo wengi wenye magari hayo hawajui kwamba wanavyo.


Fundi Redio Majengo ameandika:

Mjukuu amesema kweli kuhusu mkwamo. Kwa hapa kwetu, kama ningeulizwa, ningeanza na vipokezi vichache vinavyomilikiwa na kikundi cha usimamizi wa fukwe, kimoja kwa kila bandari ya wavuvi, chenye betri ya sola na spika kubwa, badala ya kumngoja kila nahodha anunue chake. Na ningemweka mtu macho kwenye maikrofoni usiku, kama alivyosema Binti Shimoni, hata kama ni kwenye analojia ya kawaida. Dijitali ingekuja kumkuta tayari ana wasikilizaji.


Karani wa Zamu ameandika:

Nakubaliana na Fundi kwa asilimia kubwa, ingawa ninaogopa kwamba analojia ikirudishwa kwanza haitaondoka tena, na tutaishia kwenye mseto wa Wamarekani.

Binti yangu wa Shimoni, maneno yako yamenifanya nirudi kwenye kibanda changu cha Kilindini. Nilidhani nilikuwa nikizisikiliza zile sauti za mbali kwa sababu zilikuwa za mbali. Ukweli ni kwamba saa nane za usiku, wakati meli imesita kupakuliwa na vibarua wamelala juu ya magunia, nilikuwa namtafuta yeyote aliye macho. Hata aliyekuwa akisoma habari kwa Kiarabu nisichokielewa vizuri alinitosha, mradi akohoe kidogo.

Kabla hatujaendelea kubishana kwa makadirio, napendekeza tupime lile linalopimika bila mtambo wowote. Bendi yetu, kutoka 531 hadi 1602 kHz kwa hatua za 9, ina nafasi 120. Tupande mashua Shimoni usiku usio na mwezi, tutoke nje ya mwamba mbali na taa na chaja zote, tuwe na redio mbili za mawe, na tuziandike nafasi zote moja baada ya nyingine, saa tatu za usiku na tena saa sita: ipi ina mgeni, ipi ina wageni wawili wanaogombana, ipi ni tupu kabisa. Hizo tupu ndizo ambazo dijitali ya mwambao ingeweza kukaa. Kama hatutapata hata moja, nitakuja hapa niandike kwamba nilikosea.


Fundi Redio Majengo ameandika:

Mimi nimo. Nitaleta redio tatu, si mbili, na mawe mapya. Kila mtu azime simu, na asiwepo wa kuchaji kitu kwenye mashua.


Binti Shimoni ameandika:

Mashua ipo, ya ndugu yangu, na amekubali. Lakini mzee wangu, usiku usio na mwezi ni bamvua. Maji yatajaa mnamo saa kumi za jioni, kisha yatakupwa hadi karibu saa nne za usiku. Mkifika baada ya magharibi mtaikuta mashua imekaa juu ya mchanga. Mje kabla ya alasiri, mswali hapa, mle, tutoke na maji. Kurudi ni alfajiri yatakapojaa tena, kwa hiyo hizo saa mbili za kuandika mlizozitaja mnaweza kuziongeza ziwe tano.